Nishani za wahudumu wa ambulensi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifanya kazi ya ambulensi miaka 14, kwanza Nakuru, baadaye Kisumu. Tangu niache zamu za usiku, simu nyingi ninazopigiwa na wenzangu ni za jambo moja. Fulani anastaafu mwezi ujao, au fulani ametutoka, na jamaa zake wanauliza kama serikali ina nishani yoyote inayoweza kumfikia. Maswali yanafanana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mengi yanahusu Kenya. Machache yanahusu nchi ambako nishani hizi zipo tayari, maana ukijua wenzako walipofika, unajua la kudai.

Je, Kenya ina nishani ya wahudumu wa ambulensi?

Hapana. Polisi wana nishani zao za utumishi wa muda mrefu, wanajeshi nao wana zao. Mtu wa ambulensi hana iliyotengwa kwa jina la kazi yake. Hata hivyo mlango haujafungwa, kwa sababu nishani za taifa ni za raia yeyote aliyefanya jambo linalostahili. Hakuna mahali sheria inaposema lazima awe mbunge au profesa.

Nishani za taifa ni zipi, na mtu wa ambulensi anaweza kutarajia ipi?

Katiba, katika Ibara ya 132, inampa Rais mamlaka ya kutunuku nishani kwa jina la wananchi na la Jamhuri. Utaratibu umewekwa na Sheria ya Nishani za Taifa ya mwaka 2013. Juu kabisa upo Moyo wa Dhahabu wa Kenya, wenye daraja tatu: Chifu, Mzee na Moran. Ndizo zile herufi CGH, EGH na MGH unazoziona nyuma ya majina ya wakubwa. Unafuata Mkuki wa Moto, nao una daraja hizo hizo, yaani CBS, EBS na MBS. Kisha ipo OGW, yaani Order of the Grand Warrior, na ipo HSC, ambayo ni pongezi ya Mkuu wa Taifa na ina upande wa wanajeshi na upande wa raia.

Ninaposaidia kuandika pendekezo, macho yangu huwa kwenye HSC au OGW. Lakini kwenye barua yenyewe siombi daraja. Barua inaeleza kazi, na daraja ni la wanaochuja majina.

Sheria hiyo inazungumzia ushujaa, kujitoa mhanga, ujasiri, uzalendo na uongozi kwa manufaa ya nchi au ya kaunti. Shikilia sana hayo maneno "au ya kaunti". Mtu aliyepeleka akina mama wa Nyakach na Muhoroni kujifungulia Russia kwa miaka 20 huenda hajawahi kutajwa Nairobi hata siku moja. (Kwa msomaji asiye wa Kisumu, Russia ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, na wengi wetu bado tunaiita hivyo.) Huyo ameifaa kaunti yake, na hilo linatosha kuandikiwa.

Nishani na medali ni kitu kimoja?

Kwa mazungumzo ya kawaida watu huchanganya. Hapa natumia "nishani" kwa heshima inayotolewa na dola au na chama chenye mamlaka hayo kisheria. Medali naiachia mwanariadha wetu wa Iten.

Kuna mtu wa kawaida aliyewahi kuipata kweli, au ni za wanasiasa tu?

Wapo. Siku ya Madaraka ya mwaka 2020, korona ikiwa imetufungia, Rais Uhuru Kenyatta alitoa tuzo ya Uzalendo kwa watu 68. Wengi walikuwa wahudumu wa afya na watu waliojitokeza kusaidia wakati wa janga. Mmoja alikuwa mvulana wa miaka 9 kutoka Bungoma aliyeunda kwa mbao na misumari kifaa cha kunawia mikono, unakanyaga chini maji yanatoka bila kushika chochote. Mtoto wa darasa la chini, kijijini, na jina lake likafika Ikulu.

Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Salah Farah, mwalimu wa Mandera. Desemba 2015 basi alilopanda lilivamiwa na magaidi waliotaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Yeye na wenzake wakakataa. Alipigwa risasi na akafariki wiki kadhaa baadaye. Akatunukiwa OGW akiwa ameshazikwa.

Nawataja hawa wawili kwa sababu mara nyingi kinachozuia jina la mtu wetu ni sisi wenyewe kudhani si la kupelekwa.

Nchi nyingine zinafanyaje?

Canada waliunda nishani ya utumishi wa mfano mwema kwa huduma za dharura za matibabu mwaka 1994. Sharti lake ni miaka 20 kazini, na katika hiyo angalau 10 iwe ya kazi yenye uwezekano wa hatari. Kila miaka 10 ya ziada unaongezewa kipande cha chuma kwenye utepe. Kigezo hicho cha miaka 10 nakipenda sana, kwani kinamtenganisha aliyekaa ofisini na aliyekaa nyuma ya gari akimshikilia mgonjwa kwenye kona.

Australia wana nishani ya huduma ya ambulensi tangu 1999. Anayeipata huandika herufi ASM baada ya jina lake. Ile si ya miaka tu, ni ya utumishi uliotukuka, na idadi ya kila mwaka ina kikomo kulingana na ukubwa wa kila huduma.

Uingereza wana mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza, iliyoanzishwa 1996, ni ya utumishi wa muda mrefu na mwenendo mwema kwa walio kwenye kazi za dharura: miaka 20, bila doa. Hiyo hupewa kila aliyetimiza masharti. Ya pili ni ya utumishi uliotukuka, iliyoanzishwa 2011, na wa kwanza kuipata walitangazwa 2012. Ilipoanza iliitwa nishani ya Malkia, sasa inaitwa ya Mfalme, na wanaopewa ni wachache sana kwa mwaka.

Tazama miaka hiyo. Polisi na wazimamoto wa Uingereza walianza kupewa nishani ya Mfalme mwaka 1909. Wa ambulensi wakangoja zaidi ya miaka 100. Mtu akiniambia Kenya tumechelewa, namwambia ni kweli, ila hata huko ilibidi watu wadai kwa muda mrefu kabla mtu wa ambulensi kuonekana kama mtu wa kikosi na si mbebaji.

Vipi kuhusu St John? Nimeona mzee ana nishani yenye utepe mweusi na mweupe.

Hiyo ni nishani ya utumishi ya Shirika la Mtakatifu Yohana. St John wako Kenya tangu 1928, na wazee wengi wa huduma ya kwanza hapa nchini walipitia kwao, kwenye mechi, kwenye mikutano ya hadhara, kwenye sherehe za kitaifa uwanjani.

Niliwahi kuishika moja, ya mzee wa mtaa wa Section 58 pale Nakuru. Aliitoa kwenye kopo la majani chai, imefungwa kwa leso. Utepe una mistari mitano, mitatu myeusi na miwili myeupe, na myeupe yake ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa yaliyochacha. Usoni mwa chuma kuna sura ya Malkia Victoria. Nilidhani basi ni ya zamani mno, lakini sivyo. Nishani hiyo ilianzishwa 1898, na sura haijabadilishwa tangu wakati huo, wafalme wakija wakienda. Kielelezo chake kilitokana na sanamu iliyochongwa na Louise, bintiye Victoria mwenyewe. Mzee hakujua hayo. Alichojua ni kwamba alivalishwa mbele ya mke wake, na mke wake akapiga vigelegele peke yake katika ukumbi mzima.

St John pia wana nishani ya kuokoa maisha, tangu 1874, ya dhahabu, fedha au shaba. Kwa ile huhitaji miaka mingi. Unahitaji tendo moja ambalo uliweka maisha yako hatarini kumwokoa mwingine.

Dereva anahesabika, au ni EMT (mhudumu wa dharura za matibabu) na wauguzi tu?

Anahesabika. Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali hili huulizwa na madereva wenyewe, kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba kitu kisicho chao.

Nilipohamia Kisumu nilipangwa zamu na dereva mmoja wa kutoka upande wa Ahero. Umri wake ulikuwa wa baba yangu, na sote tulimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Kwenye kibweta cha gari aliweka daftari la Kasuku la kurasa 96 na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Gari lilikuwa na kitabu chake rasmi cha safari, lakini Jaduong' alikuwa na chake. Tarehe, saa ya kutoka, mahali, aina ya mgonjwa, kilomita. "Saa 8:40 usiku. Ahero hadi Russia. Mama. Km 25." Safu ya mwisho ilikuwa na neno moja: amefika. Pale mgonjwa alipofia njiani aliacha nafasi tupu, hakuandika chochote.

Nilimuuliza siku moja, "Jaduong', hii yote ya nini na tayari tunaandika kule?" Akasema, "Kile ni cha gari. Hiki ni cha watu."

Alipokaribia kustaafu alikuwa na madaftari 11. Tulikaa nayo jioni tatu, mimi na binti yake, tukihesabu "amefika". Hakuna muuguzi wala EMT aliyekuwa katika safari hizo zote. Wao hubadilishwa zamu, huhamishwa, huenda masomoni. Aliyekuwepo kila mara ni aliyeshika usukani, anayejua tuta gani limewekwa bila rangi na daraja gani hufurika mto Nyando ukijaa. Mgonjwa mwenye uti wa mgongo uliovunjika huumia au hupona kutegemea dereva anavyopita tuta. Kwa hiyo, ndiyo, mwandikie dereva wako.

Nani anaweza kupendekeza jina? Naweza kujipendekeza mwenyewe?

Mwache mtu mwingine akupendekeze. Pendekezo lina uzito likitoka kwa aliyeona kazi: msimamizi wa kituo, daktari wa zamu, chifu wa mahali penye ajali, kanisa au msikiti, kikundi cha akina mama, mgonjwa mwenyewe. Kamati ya ushauri ya nishani za taifa ndiyo inayochuja na kumshauri Rais. Kwa mtu wa mashinani, anzia kwa chifu na kwenye ofisi ya naibu kamishna wa kaunti ndogo yenu. Uliza kama tangazo la mwaka huu limetoka na kama kuna fomu.

Njia ya pili ni ya mashujaa. Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014 inahusu kuwatambua na kuwaenzi mashujaa, ambao tunawakumbuka kila Oktoba 20. Si nishani ile ile, lakini faili uliloandaa kwa moja linafaa kwa nyingine.

Barua ya pendekezo iandikweje?

Nimesoma nyingi, na nyingi huanguka mahali pamoja. Mtu anaandika: "Ni mchapakazi, mnyenyekevu, mcha Mungu na anapendwa na wote." Hayo yanaweza kusemwa kwenye mazishi ya mtu yeyote. Anayechuja ana rundo la barua mbele yake na zote zina mchapakazi mnyenyekevu.

Andika tukio. Kwa mfano: "Usiku wa tarehe hiyo mvua ilikuwa imekata barabara ya Kuresoi. Aliacha gari upande huu wa kijito, akavuka kwa miguu akiwa na mfuko wa kuzalishia kichwani, akamzalisha mama kwenye sakafu ya duka kwa mwanga wa simu, akamfunga mtoto kifuani mwa mama yake na kuwavusha wote wawili saa 10 alfajiri." Msomaji ameona. Huna haja ya kumwambia kwamba mtu huyu ni jasiri.

Matukio matatu ya namna hiyo yanatosha. Yachague yawe tofauti: moja la hatari, moja la ustadi, moja la uvumilivu. La uvumilivu ndilo watu husahau. Mtu aliyefundisha huduma ya kwanza katika shule za kata yake kila Jumamosi kwa miaka 6 hana hadithi ya kusisimua, ila ana watoto waliokua wakijua kubana jeraha linalovuja damu.

Ikiwa mtu wenu alikuwa kwenye moja ya majanga yanayojulikana, lieleze kwa tarehe. Sachangwan, Januari 31 mwaka 2009, lori la mafuta lilipoteketea na zaidi ya watu 110 wakafa. Solai, usiku wa Mei 9 mwaka 2018, bwawa lilipopasuka na kuzoa nyumba na waliolala ndani. Malanga kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, Julai 2021, mafuta tena. Makutano ya Londiani, Juni 30 mwaka 2023, lori lilipowavamia watu na magari kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafa. Lakini usiandike tu "alikuwepo Londiani". Alifika saa ngapi? Alibeba wangapi, kwenda hospitali gani? Alirudi mara ngapi? Nani alimwona?

Kisha ambatisha ushahidi: nakala za kitabu cha safari, vyeti vya mafunzo, barua za waliohudumiwa, picha za kazini. Kuhusu picha, tahadhari. Mgonjwa asionekane uso, na jina lake lisitajwe bila ridhaa yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari za afya ya mtu, na hata isingekuwepo, mgonjwa hakupanda ambulensi yetu ili awe kielelezo cha sifa zetu.

Kurasa mbili za barua zinatosha, lugha ni Kiswahili au Kiingereza, ile unayoimudu vizuri zaidi.

Tupeleke lini?

Mapema. Nishani nyingi hutolewa karibu na Siku ya Jamhuri, Desemba 12, na majina huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Ukianza kutafuta cheti cha mafunzo Novemba umechelewa. Mimi hushauri faili liwe tayari kufikia Juni, likingoja tangazo.

Tulipeleka jina na hatujasikia lolote. Tufanyeje?

Rudini muulize, na mwaka unaofuata mpeleke tena. Kutochaguliwa mwaka mmoja si kukataliwa daima.

Lakini kwanza hakikisheni faili bado lipo. Nasema hivi kwa uchungu. Faili la Jaduong' tulilipeleka kwenye ofisi moja tukiwa na nakala moja tu, na ndani yake tuliweka madaftari 3 kati ya yale 11, ya asili, kwa sababu tulitaka waone maandishi yake. Hatukuomba muhuri wa kupokewa. Tulirudi baada ya miezi 7 tukaambiwa halionekani, aliyelipokea alihamishwa. Tukarudi tena mara mbili. Jaduong' alistaafu kwa keki na soda, na miaka yake mitatu ya "amefika" iko mahali tusipopajua. Yeye hakunilaumu hata kwa neno moja. Mimi ndiye niliyemwambia tuyapeleke.

Kwa hiyo: toa nakala mbili za kila ukurasa. Za asili zibaki nyumbani. Peleka nakala moja, na ile ya pili igongwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe mbele ya macho yako. Andika jina na cheo cha aliyepokea. Piga picha kwa simu na umtumie mtu mwingine asiye wewe.

Mtu aliyefariki anaweza kupewa?

Ndiyo, kama ilivyokuwa kwa Salah Farah. Uingereza nako, tangu 2024, kuna nembo ya Elizabeth ambayo hupewa jamaa wa watumishi wa umma waliofia kazini, wahudumu wa afya wakiwemo. Kwa aliyefariki, familia ikubali kwanza. Nimeona mjane akishtukizwa na habari za marehemu wake hadharani, na haikuwa heshima.

Kuna pesa?

Nishani ni heshima, si malipo. Usimwahidi mtu pesa ili akubali jina lake lipelekwe.

Anayejitolea bila mshahara je? Na mwendesha boda boda aliyembeba majeruhi?

Wote wawili wanaweza kupendekezwa nishani ya taifa, maana haifungamani na ajira. Ndiyo tofauti na zile za Canada au Uingereza za miaka 20. Na tusijidanganye: katika vijiji vingi vya Vihiga na Siaya anayefika kwanza ni kijana wa boda boda. Anamweka mama katikati, shemeji anashikilia nyuma, na wanatukuta barabarani kwenye lami. Kama kuna aliyefanya hivyo mara nyingi, bila kudai nauli, jina lake liandikwe. Mwombe pia muuguzi wa zahanati awe shahidi, kwa sababu ndiye anayejua ni mara ngapi.

Kaunti inaweza kuanzisha nishani yake?

Sijaona sababu ya kutoweza, na ndilo jambo ninalotamani zaidi kuliko yote niliyoandika hapa. Jedwali la Nne la Katiba linataja huduma za ambulensi, kwa jina, miongoni mwa kazi za kaunti. Ambulensi ni mali ya kaunti kikatiba kama ilivyo mali ya wagonjwa wake. Kaunti ya Nakuru au ya Kisumu ikiamua kwamba kila anayetimiza miaka 10 kwenye gari la wagonjwa atavalishwa beji mbele ya bunge la kaunti, haitakuwa imeingilia nishani za Rais. Itakuwa imeita kitu chake kwa jina lake.

Ningependa iwe ya miaka, si ya kuchaguliwa. Ya kuchaguliwa huenda kwa anayejulikana. Ya miaka humfikia hata yule wa Nyatike au Mau Narok ambaye hakuna waziri wa kaunti aliyewahi kumwona. Inahitaji orodha sahihi ya nani alianza lini, basi. Na orodha hiyo, hata bila beji, itasaidia siku ya kuhesabu pensheni.

Mkiwa na mwakilishi wadi anayesikiliza, mpelekeeni wazo hili kwa ukurasa mmoja. Ikija kuchorwa, naomba nyota ya samawati ya pembe sita iliyo ubavuni mwa magari yetu iwemo. Kila pembe ni hatua ya kazi: kugundua, kutoa taarifa, kufika, kuhudumia pale pale, kuhudumia njiani, kumkabidhi mgonjwa.

Nishani huvaliwa upande gani? Inaweza kuondolewa?

Mwenyewe huvaa kushoto, juu ya moyo. Kwa desturi ya Uingereza na nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, mtoto au mjane wa aliyefariki huivaa kulia. Na ndiyo, nishani inaweza kuondolewa aliyepewa akiifedhehesha.

Si afadhali glavu, bima na mshahara wa wakati kuliko nishani?

Afadhali, ndiyo. Nimeshawahi kuosha glavu na kuzitumia tena, sitamwambia mtu kwamba utepe unazuia homa ya ini. Kama kituo chenu hakina oksijeni, andikeni barua ya oksijeni kwanza.

Ila nimekaa na wazee wa kazi hii wakiwa wamestaafu. Hawazungumzi sana juu ya malipo yaliyochelewa. Wanazungumza juu ya usiku fulani, wanakuuliza kama unaukumbuka, na wanakutazama usoni kuona kama kweli unaukumbuka. Mtu anataka ajue kwamba kuna mahali iliandikwa. Mambo haya mawili hayagombani, na asiwepo kiongozi wa kutupatia moja ili asitupatie la pili.

Mimi si mhudumu. Niliokolewa tu, na sijui hata majina yao. Nianzie wapi?

Wewe ndiye shahidi bora. Nenda hospitali uliyopelekwa, kwenye mapokezi ya dharura, na tarehe yako. Kitabu cha kupokea wagonjwa kitaonyesha saa uliyofikishwa na gari lililokuleta. Gari likijulikana, kituo chake kitajua nani alikuwa zamu usiku huo. Majina yatakuwa mawili au matatu: dereva, EMT, pengine muuguzi. Andika ulichokikumbuka kabla hakijafifia, hata kama ni sauti tu iliyokuwa ikikuita kwa jina usilale. Weka tarehe na namba ya simu yako chini, toa nakala mbili, na moja mpelekee dereva mkononi.